Upana Wake ni Huu

Mama Faili alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Si umbea, jamani, tusimsingizie mtu. Mmbea anataka kujua ili akaseme. Mama Faili alitaka kujua basi, na akishajua anafunga mdomo wake na kuendelea na kazi. Labda ndiyo maana walimweka masjala, kile chumba cha nyuma cha ofisi ya mji, chenye makabati manane ya chuma na dirisha moja ambalo kulifungua mpaka ulisukume kwa bega. Alikaa humo miaka kumi na tisa. Ukimuuliza barua ya mwaka juzi kuhusu mtaro fulani hakuulizi mara ya pili. Anakwenda moja kwa moja kwenye kabati, anavuta faili, "hii hapa," na tayari amegeuka kufanya jingine.

Lakini barua za yule fundi viatu zilimshinda, na hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Katibu wa ofisi aliingia masjala bila kubisha hodi, kalamu mbili mfukoni kama kawaida yake, uso umemkunjamana.

"Mama Faili, Alhamisi ya wiki ijayo mji unawatunuku watetezi wa watu wenye ulemavu. Mgeni rasmi ameshathibitisha. Mwaka huu mtunukiwa ni mmoja, yule fundi viatu wa karibu na kituo cha mafuta. Wananchi wamempendekeza kwa wingi. Niandikie wasifu wake, ukurasa mmoja, na utausoma wewe, una sauti nzuri."

"Fundi viatu yupi? Yule wa barua?"

"Huyo huyo."

"Bwana Huu?"

Katibu akakohoa. Naye alikuwa akilitumia jina hilo, tena ndiye aliyelianzisha.

Haya, nieleze. Kwa miaka yote hiyo fundi yule alikuwa akiiandikia ofisi barua, kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa zilizosimama wima. Barua zote zilikuwa mtindo mmoja. "Mlango wa posta una upana huu. Kiti cha magurudumu cha mama anayeishi nyuma ya soko kina upana huu. Naomba mtazame." Basi. Anaweka sahihi. Nyingine: "Kizingiti cha zahanati kina kimo hiki. Mguu wa mzee huyu unaweza kunyanyuka kimo hiki." Sasa wewe msomaji uliyekaa ofisini, huu upi? Hiki kipi? Makarani walivunjika mbavu. Wakampa jina. Na kwa kuwa sheria ya ofisi inasema kila barua ijibiwe, waliandaa jibu moja la kudumu: "Barua yako haikutaja kipimo. Shauri limefungwa." Mama Faili anapiga muhuri, anaandika kwenye daftari, kwisha. Barua sitini na tatu, majibu sitini na matatu.

"Weka kwamba malalamiko yake yote yalijibiwa," Katibu akasema. "Daftari linasema hivyo."

Na kweli daftari lilisema hivyo. Hapo huwezi kumshika Katibu kwa uongo.

"Ila kuna tatizo dogo," akaongeza, na kwa jinsi alivyokaa juu ya kigoda bila kukifuta vumbi, Mama Faili akajua si dogo. "Amekataa. Nimempelekea kadi ya mwaliko, ameirudisha. Ameandika nyuma yake maneno mawili: *Kwanza mlango.*"

"Mlango gani?"

"Wewe ndiye masjala, unaniuliza mimi? Nenda ukamwone. Mbembeleze. Mgeni rasmi akifika na mtunukiwa hayupo, uso wangu nitauficha wapi?"

Alipotoka, Mama Faili alivuta faili. Barua ya mwisho ilikuwa na wiki sita tu. "Mlango wa choo cha shule ya msingi una upana huu. Kiti cha binti wa darasa la saba kina upana huu. Binti anasema ataacha shule." Chini yake, muhuri mwekundu: LIMEFUNGWA. Na sahihi ya nani? Yake mwenyewe.

Aliitazama ile sentensi ya tatu muda mrefu. Hakuwahi kuifikia. Aliona "upana huu", akacheka, akagonga muhuri. Akachukua mkoba wake na kutoka.

Karibu na kituo cha mafuta aliuliza njia kwa muuza vocha.

"Fundi Kipande? Pale, kibanda cha bati la buluu. Kama ana mteja usimsemeshe, atakukaripia."

Kipande? Jina hilo hakuwahi kulisikia. Udadisi ukaanza kumwasha. Kipande cha nini? Cha mtu? Alitegemea kumkuta mtu mfupi. Akamkuta bwana mrefu mwenye mvi, mguu wa kulia umefungwa vyuma kutoka pajani hadi kifundoni, ameketi kwenye benchi katikati ya ngozi, makopo ya gundi na miguu ya mbao iliyopangwa rafuni, mikubwa na midogo. Mbele yake alikaa mteja aliyevua viatu, mguu wake mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Mama Faili akasimama mlangoni, kimya, kama alivyoagizwa.

Fundi alichukua kalenda ya zamani ya ukutani, ile karatasi ngumu, akachana kipande kirefu chembamba. Akakizungusha kwenye mguu wa mteja, akakiminya kwa ukucha pale kilipokutana, akakikata. Akachana kingine, cha urefu wa unyayo. Kingine, cha kile kimo kilichopungua. Kisha akachukua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akavitoboa vyote pembeni vitundu vitatu vya mpangilio mmoja, na vitundu hivyo hivyo kwenye kadi ya mteja. Akavitundika msumarini. Hakuandika hata namba moja.

Mteja alipoondoka Mama Faili hakuweza kujizuia. Hata salamu aliisahau.

"Samahani, fundi. Mbona huandiki namba?"

"Namba ya nini?" Fundi alimtazama juu chini. "Nina futi za kupimia tatu humu ndani, na kila moja inasema lake. Moja imevutika, moja imekatika mwanzoni, ya tatu sijui waliichora wakiwa wamelewa. Namba inabishaniwa, mama. Kipande hakibishani. Nikishona kiatu kwa kipande hiki, kitamwingia. Karibu ukae. Una mguu gani?"

"Miguu yangu mizima, nashukuru. Mimi natoka ofisi ya mji."

"Aa." Uso wa fundi ukafungwa. "Nimeshawajibu. Kwanza mlango."

"Nimekuja kuuliza juu ya huo mlango. Umeandika upana wake ni huu. Sasa, fundi, usinielewe vibaya... huu upi?"

Fundi aliweka msharasi chini polepole.

"Mama, unanitania?"

"Sikutanii."

"Huu niliowatilia ndani ya bahasha! Nakata kipande sawasawa na mlango, nakata kingine sawasawa na kiti, navikunja mara nne, naviweka pamoja na barua. Mtu akivifungua na kuvilaza mezani, ataona mwenyewe kimoja hakiingii kwenye kingine. Hata mtoto ataona. Halafu mnaniandikia, *barua yako haikutaja kipimo!* Kipimo chenyewe nimewawekea mkononi! Nikasema hii ni dharau, wanataka nichoke. Basi na mimi nikawa natuma tena. Mimi kichwa changu kigumu, kamuulize mke wangu."

Mama Faili alivijua. Vile vipande vigumu vya kalenda vilivyokunjwa mara nne, vizuri kweli, havichaniki, ndivyo alivyokuwa akivitumia kuwekea alama kwenye mafaili! Kila bahasha ya Bwana Huu ilipofunguliwa vilidondoka, na makarani walivigombania. "Nipe na mimi kimoja." Katibu alikuwa nacho chini ya mguu wa meza yake, ili isiyumbe. Hakuna aliyejiuliza vinatoka wapi. Yeye, Mama Faili, anayetaka kujua kila kitu, hakujiuliza!

Alitaka kusema. Badala yake akauliza swali jingine la kijinga.

"Mbona hukuja ofisini mwenyewe?"

"Ofisi yenu ina ngazi ngapi?"

"Ngazi?" Alikuwa amezipanda na kuzishuka miaka kumi na tisa. "Sijui."

"Kumi na nne. Na pembeni hapana pa kushika. Posta, zahanati, benki, huko kuna ngazi moja, mbili, najikaza. Mliponifungia shauri nilikwenda mwenyewe na vipande vingine, nikavibandika mlangoni mbele ya meneja, wengine wakaona haya wakajenga. Ndiyo hayo wanayonisifia. Lakini kwa mambo ya mji wenyewe, kama shule, inabidi niandike, na majibu yenu ndiyo hayo."

Hapo mlangoni kukawa na mlio wa magurudumu, na akaingia binti wa miaka kumi na mitatu hivi, sare ya shule imekunjwa vizuri magotini, mikononi amevaa glavu za ngozi zilizokatwa vidole.

"Babu, ya kushoto imefumuka tena."

"Lete. Huyu ndiye mwenye mlango," fundi akamwambia Mama Faili. "Si mjukuu wangu wa damu, mama yake ni jirani, lakini anaringa kuliko wajukuu zangu wote. Binti, huyu mama ametoka ofisi ya mji, anataka kujua."

Binti alimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuulizwa maswali mengi na watu wengi.

"Unataka kujua nini, mama?"

"Kwa nini unataka kuacha shule. Ni kwa sababu ya choo?"

"Wewe ukienda chooni kazini, unakwenda na watu wangapi?"

"Peke yangu."

"Mimi nakwenda na watu watatu. Wawili wananibeba, wa tatu anashika mlango, maana kiti kinabaki nje na mlango haufungiki. Na wengine wako kwenye foleni wanangoja zamu yao, wanaona. Kila siku, toka darasa la nne. Zamani nilikuwa nacheka nao. Sasa nimekua." Akavuta pumzi. "Mwalimu mkuu anasema nisubiri, barua imepelekwa. Nimemwambia mama, mwezi huu ukiisha sirudi. Sibembelezi mtu."

Alisema bila kulia. Angelia, Mama Faili angepata la kufanya, angemkumbatia au angetoa leso. Hakulia, akanyoosha tu mkono kupokea glavu yake.

Njia nzima kurudi, Mama Faili alihesabu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja.

Alipanda zile ngazi akizihesabu kwa sauti, akapata kumi na nne. Akajifungia masjala na kuanza kuvuta mafaili, moja baada ya jingine, kabati la kwanza hadi la nane. Alama za vipande zilikuwa kila mahali: faili la mitaro, la leseni, la viwanja, la mbwa wasio na wenyewe. Alivitoa vyote. Aliwaendea makarani wenzake mezani kwao na kuwapokonya. Kimoja kilikuwa kimefungia pakiti ya majani ya chai. Akaingia kwa Katibu, akapiga magoti, akachomoa kile cha chini ya meza, na meza ikainama upande mmoja, kalamu zikabingirika.

"Mama Faili! Umepatwa na nini?"

"Nitakwambia, bosi. Bado natafuta."

Kingine alikikumbuka akiwa nyumbani, kimo ndani ya kitabu chake cha hadithi kando ya kitanda. Mume wake, dereva mstaafu asiyeweza kuacha utani, alimwona akikaribia kukibusu kile kikaratasi.

"Barua ya nani hiyo? Mwanamume gani anakuandikia kwa karatasi chakavu hivyo?"

"Niache, baba watoto. Kwa hiki kipande kuna mtu ameshindwa kuingia mahali."

Mume aliposikia mkasa wenyewe, aliwasha jiko akapika chai mwenyewe, jambo ambalo kwake ni nadra.

Sasa kipi cha barua ipi? Kwanza alidhani amekwama, vyote vinafanana. Kisha akakumbuka msharasi. Akazishika barua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni, chini, palikuwa na vitundu. Miaka yote alijua ni wadudu, hata alishaomba dawa ya kupulizia, na aliandika kabisa maombi! Kumbe kila barua ilitobolewa pamoja na vipande vyake. Ukilaza kipande juu ya barua yake, vitundu vinaoana, mwanga unapita. Ukikosea, giza.

Alikaa siku mbili kwenye kazi hiyo, na tusifiche, kuna saa alifurahi. Moyo wa mtu mdadisi ndivyo ulivyo, hata kwenye aibu yake anafurahia kugundua. Kila mwanga ulipopita alisema "ehe!" peke yake. Halafu anavilaza vipande viwili sambamba mezani, na furaha inamwishia. Mlango wa posta ulipungua vidole viwili. Mlango wa ofisi ya maji, vidole vitatu. Kizingiti cha zahanati kilizidi kwa upana wa kidole gumba. Mambo yenyewe yalikuwa madogo hivyo! Watu wamekaa nje miaka kwa vidole viwili.

Vya shule vilikuwa vya mwisho. Kipande cha mlango, kipande cha kiti. Vidole vinne.

Jumatano alikwenda navyo kwa Katibu, pamoja na wasifu alioandika. Katibu alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Hii hutaisoma mbele ya mgeni rasmi."

"Nitaisoma."

"Unataka kuniaibisha?"

"Aibu ni yangu, bosi. Muhuri niligonga mimi. Jina lako sijaliweka, na meza yako sijaitaja."

"Utamwaga unga, mama. Umebakiza miaka mitano ustaafu. Watakuuliza miaka kumi na tisa ulikuwa unafanya nini humo ndani."

Mama Faili alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha, na hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya mchezo. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto.

"Basi nisisome chochote," akasema. "Lakini na mtunukiwa huna. Amesema kwanza mlango. Shule iko hapo, waashi wetu wako uani wanacheza bao, na una siku nane. Mgeni rasmi ukamkaribishe na viti vitupu?"

Katibu aliitazama meza yake iliyoinama. Sijui alikuwa anahesabu nini kichwani, pengine viti. Mwishowe akachukua simu akaita idara ya ujenzi, kwa sauti ya mtu aliyeamua mwenyewe tangu zamani.

Asubuhi yake Mama Faili alikuwa shuleni na waashi wawili. Mkubwa wao akatoa daftari.

"Upana gani, mama?"

Akampa kipande cha kiti. "Upana wake ni huu. Ongeza na ngumi ya mkono kila upande, binti asijikwaruze."

Mwashi akakigeuza geuza, akacheka, kisha akakilaza ukutani na kuchora mstari wa chaki. Kazi ikaanza. Walibomoa fremu ya zamani, wakaweka pana, wakalitoa lile tofali la kizingiti na kusawazisha chini kwa saruji. Ndani Mama Faili alisimamia vishikio viwili vya bomba la chuma na komeo jipya, akawashikilia walichomeke chini, mkono wa mtu aliyekaa ulifikie. Alirudi kila siku kuangalia. Mwalimu mkuu akaanza kumwita fundi mkuu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa masharti ya mtunukiwa, hafla haikufanyika ukumbini. Viti vilipangwa kwenye uwanja wa shule, kivulini mwa madarasa, mita chache kutoka choo cha wasichana. Mgeni rasmi, mama mnene mwenye tabasamu, hakuonekana kuelewa kwa nini analetwa huko, ila alikaa. Fundi Kipande alifika na shati lililopigwa pasi, vyuma vya mguuni vimesuguliwa vinang'aa. Binti alikuwa mstari wa mbele pamoja na mama yake. Katibu alimpa Mama Faili kipaza sauti, akamnong'oneza, "Una ukurasa mmoja, ule nilioupunguza, kumbuka," akaenda kukaa pembeni kabisa.

Mama Faili alianza vizuri. Alitaja posta, benki, zahanati, viatu vya soli nene vilivyowasimamisha watu. Sauti yake ilikuwa nzuri kama alivyosifiwa. Kisha akafika katikati ya ukurasa, akaiweka karatasi chini na kusema kwa mdomo wake.

"Fundi huyu ameiandikia ofisi yetu barua sitini na tatu. Daftari linasema zote zilijibiwa. Ni kweli. Lakini ndani ya kila barua alitia vipimo, na mimi nilivitoa nikavifanya alama za mafaili. Sikuvifungua hata kimoja. Nilimwandikia kwamba hakutaja kipimo. Sitini na tatu, mimi, kwa mkono huu. Vilivyopatikana ni hivi." Akanyanyua boksi la viatu lililojaa. "Fundi, nimekukosea. Na wote mliongoja, nimewakosea."

Mgeni rasmi akamtazama Katibu, Katibu akatazama viatu vyake.

Fundi alijisukuma akasimama. Hakwenda kwenye kipaza sauti, alikwenda kwenye boksi. Akachukua kipande kimoja, akakikunjua, akapitisha kidole kwenye vitundu.

"Posta," akasema. Kisha, "Kwa hiyo hamkuvitazama?"

"Hatukuvitazama."

"Mimi nilijua mnatazama, mnakataa." Alikuwa anasema na Mama Faili tu, kama vile hapana mtu mwingine. "Miaka yote hiyo nilikuwa nabishana na watu ambao hawakuwa wamesikia. Yule mama wa nyuma ya soko alitaka kuingia posta mwenyewe, apokee barua ya mwanawe kwa mkono wake. Nilikwenda mimi na kipande kama hiki mkononi mara ngapi, mpaka walipopanua. Walipopanua alikuwa ameshakufa. Mwezi mzima ulikuwa umepita."

Machozi yalimtoka Mama Faili, akayaacha yatoke.

"Sitakwambia si kitu," fundi akasema. "Ni kitu. Ila umekuja ukasema mwenyewe, na mlango nimeupitia nilipofika, nimeupima. Unatosha." Akakunja kipande, akakirudisha ndani ya boksi, akalichukua boksi lote na kulibana kwapani. "Hivi nitavihitaji. Vingi bado havijajengwa."

Mgeni rasmi alisimama na ile tuzo ya kioo, akaitazama, ikaonekana ndogo mkononi mwake. Akampa fundi hata hivyo. Makofi yakapigwa, kwanza na watoto, kisha na watu wazima. Hakuna aliyejua nini kinafuata, maana ratiba ilikuwa imekwisha na wasifu haukumalizika.

"Samahani," binti akasema. "Naweza kupita?"

Wakampisha. Alisukuma magurudumu mwenyewe uwanja mzima, glavu zake mbili zikiwa nzima, akafika kwenye mlango mpya, akaingia bila kugusa upande. Watu walimfuata, usiulize kwa nini. Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, Katibu, waashi wawili, mama yake, fundi na Mama Faili mbele ya wote. Mlango ukafungwa kwa ndani. Komeo likaita, *ka!* Wote wakalisikia na wote wakabaki pale, wamesimama nusu duara, wanatabasamu, mama mzazi amejishika mdomo.

Pakapita kitambo.

"Nani yuko hapo nje?" sauti ikauliza.

Hakuna aliyejibu.

"Jamani! Si mwondoke? Mnasubiri nini?"

Mgeni rasmi ndiye aliyeshtuka wa kwanza, akageuka haraka na kumvuta Katibu kwa mkono wa shati. Wakaondoka wote, wengine wakicheka, wengine wakiona haya, wakamwacha peke yake.